Swali la Saba Mlangoni

Asubuhi ya kumwoza mjukuu wangu Caiyin, nilifunga mlango mkubwa wa ua, nikapitisha komeo, kisha nikaketi juu ya kizingiti na mgongo wangu nikauegemeza mlangoni. Nilikuwa nimejifunga kilemba kirefu cheusi, kile nilichofungwa siku nilipoolewa. Mfukoni nilikuwa na tambuu ya kutosha. Mtu mwenye tambuu anaweza kukaa.

Mwanangu Jiawen akaja mbio kutoka jikoni, suti mpya, ua jekundu kifuani.

"Mama, magari yameshavuka daraja."

"Nimeyasikia. Honi zote zile, hata mabata wameyasikia."

"Basi inuka. Nimekuwekea kiti pale mbele, kina mto."

"Mto ukalie wewe. Umehangaika sana tangu jana."

Yeye alisema Kichina, mimi nikajibu Kiachang, lugha ya kabila letu. Ndivyo tunavyozungumza, mimi na yeye, mwaka wa thelathini na nne huu. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja tulimpeleka shule ya bweni mjini. Likizo ya kwanza nilimfuata kituo cha basi na kikapu cha mikate ya mchele, nikamwita kwa jina lake la nyumbani, nikamwuliza kama amekula. Wenzake wakacheka. Tulipofika njiani peke yetu akaniambia, "Mama, usiniongeleshe hivyo mbele ya watu." Nilidhani ni kitu cha kupita, kama mafua. Hakikupita. Alikua, akafungua mgahawa mjini, akaoa Mwachang mwenzake, wakazaa, na ndani ya nyumba yake akaweka amri: Kichina tu.

Mimi sikugombana naye. Nilichofanya ni kuendelea kusema lugha yangu, kila siku, kama mtu anavyoendelea kufagia ua wake.

Caiyin alilelewa na mimi mpaka miaka saba, baba na mama yake wakihangaika na mgahawa. Kwa hiyo anasikia Kiachang chote, hata matusi. Ila ukimsemesha anajibu Kichina. Ulimi wake unaogopa. Mwezi uliopita tulikuwa tunachuma chai, mimi na yeye, akaniambia bila kuinua macho:

"Bibi, Baba amekodi watu wa sherehe. Maswali ya mlangoni yataulizwa kwa spika, kwa Kichina. Kuna wasichana wa kucheza."

"Nimesikia."

"Mimi sijui kuuliza. Hongbo mchumba wangu naye ni mtu wa mji wa Tengchong, hajui kujibu. Lakini wewe uliulizwa, na Mama aliulizwa. Mimi nisipoulizwa, nitatoka humu kama kifurushi cha posta."

"Utaulizwa," nikamwambia.

Hakumwambia baba yake, na mimi sikumwambia. Nilisubiri siku yenyewe.

Basi ndivyo nilivyokuwa pale kizingitini, na nje ya mlango magari yakazima injini. Kwetu msichana hatoki mpaka waliokuja kumchukua wajibu maswali saba. Mwanamke mkubwa wa nyumba anauliza akiwa ndani, wao wanajibu wakiwa nje, kwa lugha yetu, na komeo haliguswi kabla ya la saba. Mimi nilipoolewa mume wangu alisimama mvuani hadi viatu vyake vya majani vikaoza, maana bibi yangu alikuwa kiziwi na kila jibu alitaka lirudiwe.

Mshereheshaji wa kukodi akanijia, kidada kimoja kizuri chenye gauni jekundu na kipaza sauti. Akachuchumaa akanishika goti.

"Bibi yetu mzuri! Tutakupiga picha nyingi sana. Njoo ukae pale, hapa pana upepo."

"Mimi na upepo huu tunafahamiana," nikasema. Hakuelewa, akacheka tu, akawaita wasichana wake wanne waje kupanga mstari mbele ya mlango. Wakaja, kila mmoja na kilemba kirefu cha sponji kichwani.

Hapo Bi Sun, jirani yangu, akaacha kumenya vitunguu. Yeye hujua Kichina kizuri akitaka kukitumia vibaya.

"Binti, hawa wasichana wako wameolewa?"

"Hapana, Shangazi, ni wanafunzi."

"Mbona wamevaa vilemba vya wake za watu? Waume wao wako wapi, umewasahau kwenye basi?"

Ua mzima ukacheka. Msichana mmoja akakivua chake polepole, akakificha nyuma ya mgongo.

Jiawen hakucheka. Alitazama saa yake. Mtazama siku, mpiga ramli wetu, alikuwa ametupa saa njema, nayo ilikuwa inaisha saa nne na nusu. Baada ya hapo bibi harusi akitoka ni mkosi. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Akaenda meza kuu, kwa shemeji yake Dekui, mjomba wa Caiyin. Hii ni harusi, na katika harusi yetu mjomba ndiye mkubwa. Yeye ndiye huleta paja la nguruwe lenye mkia, na bila paja hilo msichana haondoki.

"Shemeji, nisaidie na huyu mama. Wewe atakusikiliza."

Dekui ni mfua visu. Haongei sana, na akiongea hupiga kelele kwa sababu masikio yake yameharibiwa na nyundo.

"Mimi nimelibeba hili paja toka kule juu, saa mbili nzima, mabegani!" akasema kwa Kiachang. "Bi mkubwa asipouliza mlango, paja linarudi nilikolitoa!"

"Shemeji..."

"Na mkia wake!"

Wakati huo huo mlango ukagongwa mgongoni mwangu. Fataki zikalia. Kisha sauti ya kijana, ya adabu, kwa Kichina: "Bibi, ni sisi. Tumefika."

Huyo alikuwa Hongbo. Ni fundi wa mabasi, mwembamba, miwani. Nilimpenda tangu siku aliyokuja kuchumbia akanitengenezea pampu ya maji bila kuambiwa. Lakini kumpenda mtu na kumfungulia mlango ni vitu viwili.

Nikatema tambuu, nikakohoa, nikauliza la kwanza, kwa sauti ya mlangoni, ile ya kuvutwa: "Mlio nje, ninyi ni watu au ni mvua?"

Nikasikia minong'ono. Halafu jitu moja la huko nje, sijui binamu, sijui dereva, likasema, "Anasemaje huyo mzee?" Na jingine likajibu, "Labda anauza kuku."

Wakacheka nje. Kundi zima.

Nikamtazama mwanangu. Masikio yake yalikuwa mekundu, mekundu vile vile kama siku ile kituoni. Akainama karibu na uso wangu.

"Umesikia? Umesikia mwenyewe? Hiki ndicho nilichotaka kukukinga nacho, Mama. Miaka yote hii."

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi nimechekwa tangu kabla hujazaliwa, na bado nakula vizuri. Ulikuwa unajikinga wewe."

Akarekebisha ua lake kifuani.

"Na wakicheka?" nikaendelea. "Watacheka mpaka wachoke, wakichoka watakuta swali bado lipo pale pale. Nitaliuliza tena. Komeo hili ni la mti wa msindano, aliliweka baba yako. Mimi na lenyewe hatuna safari."

Nikauliza tena la kwanza. Nje hakuna aliyecheka safari hii, ila hakuna aliyejibu pia. Saa nne kasorobo. Mshereheshaji akaanza kupiga simu, sijui kwa nani.

"Basi waazime ulimi," nikasema kwa sauti, kila mtu uani asikie.

Wazee wote wakanyamaza, maana walijua kinachofuata. Waliokuja kuoa wakikosa wa kujibu, wanaruhusiwa kuazima ulimi mmoja. Mwenye ulimi huo lazima awe mwanamume wa nyumba hiyo hiyo inayotoa binti. Anavuka, anakunywa kikombe kimoja cha pombe yao, na kuanzia hapo mpaka binti aondoke anahesabiwa mtu wao. Anapakwa masizi usoni. Anatukanwa. Anakula upande wao. Kwa kawaida huenda kijana fulani mcheshi wa ukoo. Lakini nyumba yangu mume amekufa, kaka hakuna. Mwanamume wa nyumba ile ni mmoja tu.

"Hapana," akasema Jiawen. "Mimi ni baba wa bibi harusi."

"Najua, nilikuwepo."

"Mama, nimesahau. Kweli nimesahau. Siwezi hata kuhesabu."

"Hujasahau. Mwaka juzi ulipong'olewa jino ulilia kwa lugha gani?"

"Nilimsikia!" akasema Bi Sun kutoka kwenye vitunguu. "Nilikuwa nangoja dawa pale nje. Tulisikia zahanati nzima!"

Watu wakacheka, na hata yeye mdomo ukamcheza kidogo, kisha ukakaza. Akasimama katikati ya ua, suti yake, ua lake, na wageni mia mbili wakimtazama. Nilijua anachopima. Mgahawani kwake wateja ni maofisa, na nusu yao walikuja na msafara wa bwana harusi, wako nje ya mlango ule. Sikumhurumia. Nilikuwa nimemhurumia miaka thelathini na minne, na huruma yangu haikumfaa kitu.

Ndipo dirisha la chumba cha ndani likafunguka kidogo tu. Bibi harusi haonekani kabla ya kutoka, kwa hiyo tuliona kipande cha mkono wake na bangili ya fedha.

"Baba," Caiyin akasema. "Nenda."

Maneno mawili, kwa Kiachang. Sauti yake ilitetemeka kama ya mtu anayekanyaga maji baridi. Mama yake aliyekuwa anamvika humo ndani alidondosha kitu, tukasikia kinavingirika.

Jiawen hakuwahi kusikia binti yake akisema lugha ile. Yeye ndiye aliyeizuia. Alilitazama dirisha muda mrefu. Kisha akavua koti, akampa mshereheshaji alishike kama vile ni kigingi cha nguo, akaelekea nyuma ya banda la nguruwe. Mlango ulikuwa umefungwa, na mimi sikuwa na mpango wa kuufungua, kwa hiyo njia ilikuwa moja, ya juu ya ukuta.

Wanawake wakamkimbilia na masizi ya sufuria. Walimpata akiwa ameweka mguu mmoja juu, wakampaka uso, wakampaka shati, Bi Sun akampaka mpaka ndani ya sikio. "Msaliti!" wakapiga kelele. "Umetuuza kwa kikombe!" Suruali ikachanika, tukaisikia. Nguruwe wakapiga kelele nao. Akaanguka upande wa pili, na nje watu wa Tengchong wakashangilia bila kujua wanashangilia nini.

Nikasikia anapewa kikombe. Nikasikia anakunywa. Halafu pumzi yake ikaja upande wa pili wa ubao, karibu kabisa na mgongo wangu.

Nikauliza la kwanza mara ya tatu.

Akajibu chini chini: "Sisi ni watu."

"Sauti."

"Sisi ni watu! Mvua ingeingia bila kubisha!"

Ndilo jibu. Lakini jinsi alivyolisema! Mwanangu ana miaka arobaini na mitano, ana kitambi, ana sauti ya kuamrisha wapishi. Mlangoni pale alizungumza kama mtoto. Lugha yake ilikuwa imesimama pale alipoiacha, kwenye miaka kumi na mmoja, haikukua hata siku moja. Wali aliuita kwa jina wanalolitumia watoto wachanga. Barabara aliiita njia ya mbuzi, maana siku zile ndiyo tuliyokuwa nayo. Wanawake walianza kucheka, halafu mmoja mmoja wakaacha. Bi Sun alijifuta macho akasingizia vitunguu.

Mimi sikujifuta. Nilikuwa nimeketi nikimsikiliza mtoto niliyempoteza kituo cha basi. Alikuwepo wakati wote, kumbe, ndani ya huyu mnene. Lakini sikumlegezea.

"La pili. Mmepita njia gani?"

Akajibu.

"La tatu. Maziwa aliyonyonya mmeyarudisha kwa nini?"

Akajibu, akakosea, akarudia. La nne akajibu vizuri. La tano alilijibu haraka mpaka Dekui akapiga meza kwa ngumi akasema, "Ala!"

"La sita. Huyu binti akichoka, kwenu atakaa wapi?"

Jibu la mlangoni ni kiti cha karibu na moto. Kila mtu analijua. Jiawen akasema polepole, "Mapajani kwa Mama."

Hilo halimo. Bibi yangu kiziwi asingelipokea. Mimi nilikaa nalo kidogo, nikatafuna, nikasema, "Limepita."

Wanawake wakarusha karanga na peremende juu ya ukuta, kama inavyofanywa baada ya la sita, na watoto wote wa kijiji wakatimua mbio kuokota. Nilisubiri kelele zipungue. Nikauliza la saba.

"Usiku akisema usingizini, nani atamjibu?"

Nikasikia anahema.

"Mama," akasema, bado kwa Kiachang. "Hilo sijalisikia kamwe."

Bila shaka. Watoto wetu wote hujificha mlangoni wakijifunza maswali, na wote hukimbilia peremende baada ya la sita. La saba hulisikia waliobaki, na hubaki watu wazima. Yeye alipofika umri wa kubaki alikuwa ameshaondoka.

Saa nne na dakika kumi na nane. Mshereheshaji akaja na koti la watu mkononi, machozi yakimlengalenga. "Bibi, nakuomba." Dekui alikuwa amesimama. Nje Jiawen akasema, "Mama, inatosha. Fungua. Nimesema yote niliyonayo."

Kweli alikuwa amesema yote. Na mimi nilikuwa nimemwahidi Caiyin kwamba ataulizwa, na ameulizwa. Lakini la saba ni la saba.

Nikainuka. Magoti yalilia, nikayaacha yalie. Nikavuta komeo, nikafungua ubao mmoja wa mlango, wa kulia. Wa kushoto nikaurudishia kitasa chake cha chini na kusimama mbele yake.

Nje walisimama wote, Hongbo mbele na maua yake, na kando yake mwanangu mweusi kama chungu, suruali imepasuka, analia na kucheka.

"Mmejibu sita, mnafunguliwa nusu," nikasema. "Binti atatoka leo kwa ubao mmoja. Siku ya tatu, atakapoletwa kusalimia, mtaukuta huu wa kushoto umefungwa, na la saba litakuwa linawangoja. Ulimi wa kuazima hautakubaliwa. Atajibu mwenyewe."

Hongbo akamgeukia Jiawen. "Baba, amesemaje?"

Jiawen akamfasiria, yote, mbele ya maofisa wake, bila kupunguza kitu.

Chakula cha bwana harusi tulikifupisha. Tulimpa vijiti vya mianzi vyenye urefu wa mtu, na majani yake bado kileleni, tukamwekea karanga na tofu ya maji, akahangaika. Jiawen, kwa kuwa alikuwa mtu wao, alipewa vijiti hivyo hivyo, na wanawake wakamcheka zaidi. Saa nne na dakika ishirini na saba Caiyin alitoka. Kilemba chake kipya ni kirefu, na nusu ya mlango ni nyembamba, ilibidi apite ubavu. Alinishika mkono akaubana mpaka bangili ikaniumiza.

Kesho yake Jiawen alikuja peke yake. Aliketi jikoni, akachochea moto. Mwisho akaniuliza, kwa kile Kiachang chake cha mtoto, "Mama, jibu la saba ni lipi?"

"Halina jibu la kufundishwa," nikamwambia. "Kila mwanamume huja na lake. Baba yako alikuja na lake. Wewe mlango wa mkeo ulijibiwa na mjumbe, maana ulikuwa unaona haya ukabaki garini, kwa hiyo wewe bado unadaiwa."

Akachochea moto tena. Nikamwuliza, "Mkeo anasema nini usingizini?"

"Sijui," akasema. "Anasema Kiachang, nami hujifanya sisikii."

Siku ya tatu nilikuwa nimeketi nyuma ya ubao wa kushoto tangu asubuhi. Niliwasikia kabla hawajafika. Walikuwa wamesimama barabarani wanajaribu: sauti ya Hongbo inakwama, ya Caiyin inamsahihisha, ya Jiawen inawasahihisha wote wawili na kukosea. Kisha hatua. Kisha kugonga.

Nikauliza la saba.

"Mimi," akasema Hongbo, kwa Kiachang kibovu kuliko chochote nilichowahi kusikia, kila neno limekaa kichwa chini. "Nitamjibu mimi. Neno nisilolijua, nitamwamsha nimwulize."

Barabarani mtu aliyekuwa anapita na pikipiki akacheka, na nikamsikia Jiawen akimgeukia na kumwambia kwa lugha yetu, kwa sauti ile ya kuamrisha wapishi, apite zake.

Nilishika kitasa. Nilikuwa nimeshakikunjia vidole. Lakini ubao ule ulikuwa umesubiri siku tatu, na mimi miaka thelathini na minne, na wala hatukuwa na haraka.

"Rudia," nikasema. "Walioko darajani hawajasikia."